Tahadhari: mabapa bandia ya Mora na mpingo wa kupakwa rangi

Ndugu zangu mnaopenda kununua visu vya kiwandani, kuvivua mipini yake na kuvimalizia upya kwa mkono, ninaandika tahadhari hii baada ya kupoteza shilingi 285,000 pamoja na jioni za wiki tano kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni anayedai kuuza mabapa halisi ya Mora, chapa ya visu kutoka Uswidi, na vipande vya mpingo wa Kilwa. Simtaji kwa jina wala siandiki namba yake, kwa sababu amekwisha kubadilisha vyote viwili mara mbili tangu tulipofanya biashara, na jina analotumia leo halitamsaidia mnunuzi wa mwezi ujao. Ninachotaka mkifahamu ni namna anavyofanya kazi, kwa kuwa utapeli huu umetengenezwa kwa ajili yetu sisi hasa: anajua kwamba jambo la kwanza tutakalofanya tukipokea bapa ni kulipiga msasa, kulinoa na kuligandisha ndani ya mpini, na kwamba kwa kufanya hivyo tutakuwa tumeuharibu ushahidi kwa mikono yetu wenyewe.

Niliagiza seti tatu kwa shilingi 95,000 kila moja, na kila seti ilikuwa na bapa moja la chuma cha kaboni lenye mkia mwembamba wa kuingia ndani ya mpini, na kipande kimoja cha mti mweusi cha sentimita 12 kwa 4 kwa 3. Kabla ya kulipa nilitumiwa video ya bapa likikata karatasi na kuchonga mti mkavu bila kupoteza makali, na sina shaka kwamba bapa la kwenye video lilikuwa halisi. Mzigo ulinifikia Morogoro kwa basi siku ya pili, mabapa yakiwa yamezungushiwa gazeti na kupakwa grisi nzito kuanzia ncha hadi mwisho wa mkia. Niliichukulia grisi ile kuwa dalili ya muuzaji anayejali bidhaa yake isishike kutu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ilikuwa inaficha mahali mkia ulipoungwa.

Bapa la kwanza nililifanyia kazi yote: nilitoboa mti, nikachonga mpini kwa tupa, nikausugua kwa msasa hadi namba 600, nikatia gundi ya epoksi na kuupaka mafuta ya kitani kwa siku kadhaa. Kisu kilipendeza, na nilimpa ndugu yangu anayefanya kazi ya kuchonga miko na vinyago vidogo. Hakikumaliza wiki. Kwanza makali yalijikunja kama bati alipokuwa akichonga mti wa kawaida, kisha bapa lilikatika hapohapo linapoingia kwenye mpini na kumjeruhi kidole gumba. Nilipoupasua mpini nilikuta mkia wa chuma laini uliolehemewa kwenye bapa kwa tone moja la kulehemu upande mmoja tu, na ndani ya mti, chini ya milimita mbili za weusi, mti wenyewe ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai.

Nilipomwandikia muuzaji, jibu lake lilikuja upesi mno, kana kwamba limekwisha kutumiwa watu wengi kabla yangu. Alisema kwamba nimelichoma bapa kwa mashine ya kusaga, kwamba nimelipotezea matiko (yaani ule ugumu ambao chuma hupewa kwa moto) mwenyewe, na kwamba bidhaa iliyokwisha kuguswa na fundi hairudishwi. Hoja hiyo inaweza kumtisha mtu asiye na uzoefu, kwa hiyo nitaieleza kidogo. Ni kweli kwamba chuma cha kaboni kilichotiwa matiko hulainika kikipata joto kali wakati wa kusaga, lakini joto hilo huacha alama: uso wa chuma hugeuka rangi ya majani makavu ukianza kupita nyuzi 200 hivi, kisha huwa zambarau, na ukikaribia nyuzi 300 huwa buluu. Tena huanza pale chuma kilipo chembamba, yaani kwenye makali na ncha, wala si kwenye mgongo wa kisu. Mimi sina mashine; nilinoa kwa jiwe na maji. Mabapa mawili yaliyobaki, ambayo sikuwa nimeyagusa, yalikuwa laini kuanzia mgongoni hadi kwenye makali. Nilipomtumia picha za mabapa hayo alinifungia mawasiliano.

Kipimo nilichotumia kwa mabapa hayo mawili ni rahisi na ninawasihi mkifanye kabla ya kugusa chochote. Bapa la Mora la chuma cha kaboni hutiwa matiko hadi ugumu wa takribani 58 hadi 60 kwa kipimo cha Rockwell, na tupa nzuri ni ngumu kuliko hapo kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo, ukiipitisha tupa kwa mkono mwepesi kwenye mgongo wa bapa lililotiwa matiko sawasawa, tupa huteleza na kutoa mlio mkali kama wa kioo, na inapata shida kung'ata. Mabapa yangu yaliliwa na tupa kama msumari. Kupaka ndimu peke yake hakutoshi, maana chuma laini kisicho na kaboni ya kutosha nacho hubadilika rangi kikiguswa na asidi. Kitu pekee ambacho ndimu itakuonyesha ni kama umeuziwa chuma kisichoshika kutu kwa jina la chuma cha kaboni. Sumaku nayo haitakusaidia hapa, kwa kuwa chuma laini pia hunaswa.

Kuhusu mti nina uchungu zaidi. Mpingo ni mti wa taifa letu, hukua polepole kwa miongo mingi kabla ya kufaa kuvunwa, na kule Kilwa kuna vijiji ambavyo mwaka 2009 vilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanajamii, vikiwa vya kwanza barani Afrika. Mtu anayepaka mti mwepesi rangi nyeusi na kuubandika jina la Kilwa anawaibia wanavijiji hao jina walilolijenga kwa jasho.

Wengi wetu tumezoea kupima mpingo kwa kuusugua na kitambaa chenye spiriti, tukiamini kwamba kitambaa kikichafuka basi mti umepakwa rangi. Kipimo hicho kinaweza kukupotosha, kwa sababu mpingo halisi una mafuta na utomvu ambao spiriti huutoa, na kitambaa huweza kushika rangi ya zambarau iliyokolea. Kilicho bora ni mizani ya jikoni. Sentimita moja ya ujazo ya mpingo mkavu huwa na uzito wa gramu 1.2 au zaidi, kwa hiyo kipande cha sentimita 12 kwa 4 kwa 3 kinapaswa kufika gramu 170 au kuzipita. Viwili nilivyobaki navyo vilikuwa na gramu 108 na 111. Mpingo huzama majini. Kuzama peke yake hakuthibitishi kitu, kwa kuwa ipo miti mingine mizito, lakini kipande kikielea, mjadala umekwisha. Na kabla ya kutoboa, kata kipande chembamba mwishoni kwa msumeno uone kama weusi unafika kwenye kiini.

Mzigo ukifika, kwa hiyo, ufungueni mkijirekodi video bila kukatiza, futeni grisi yote kwa mafuta ya taa, na mtazame kwa makini pale mkia unapokutana na bapa. Mkiona uvimbe, mikwaruzo ya kusagia sehemu hiyo moja tu, au mstari wa rangi tofauti, msiendelee. Fanyeni kipimo cha tupa na cha mizani siku hiyohiyo, hata kama mna hamu ya kuanza kazi. Mimi nilichelewa wiki tano, na nilipopiga simu kwa mtandao wa simu kuomba muamala uzuiwe, pesa zilikuwa zimetolewa zamani.

Aliyekwisha kutapeliwa asikae kimya kwa kuona aibu. Namba ya tapeli inatumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, polisi watakupa RB (namba ya taarifa yako) ukiwa na picha za mazungumzo na risiti ya muamala, na kwa kuwa mabapa haya yamegongwa chapa ya kampuni isiyoyatengeneza, Tume ya Ushindani nayo inahusika na bidhaa bandia za namna hii. Nimekwisha kufika polisi, na mabapa yangu pamoja na mpini uliopasuliwa nimeyahifadhi kwa yeyote atakayehitaji kuyalinganisha na yake.

Juzi nimeona tangazo jipya lenye jina jingine na bei iliyopanda hadi shilingi 110,000 kwa seti, lakini picha ni zilezile: mabapa matano yamepangwa juu ya gunia la kijani, na pembeni kuna tupa yenye mpini wa gunzi la mahindi. Mkiikuta picha hiyo, chini ya jina lolote lile, msitume pesa.