PosteRazor: korongo wa karibu mita moja kutoka printa ya A4

Kazi yangu ni kuchora kuta za shule za nasari hapa Busia, upande wa Uganda, na mara nyingine Tororo na Malaba. Nachora herufi, matunda, ramani, wanyama. Na karibu kila shule inataka korongo taji, yule ndege wa kwenye bendera. Mkono wangu unamjua, lakini mwenye shule akitaka korongo watatu kwenye kuta tatu, na wote wafanane, panahitajika kiolezo. Nimejaribu njia kadhaa za kutoa kiolezo kikubwa kwa printa ndogo ya nyumbani, na PosteRazor, programu ya kompyuta inayoigawa picha kubwa kwenye karatasi ndogo za kuunganishwa, ndiyo ninayoipendekeza kwa fundi yeyote wa ukuta.

Zipo njia nyingine, ndiyo. Unaweza kutuma faili Kampala, Nasser Road, wakakuchapia bango zima. Nikitaka kitu cha kukaa nje kwenye jua na mvua, huko ndiko ninakokwenda. Lakini kutoka hapa ni karibu kilomita 200, na kiolezo ni cha kutobolewa na kupakwa vumbi la mkaa. Sioni sababu ya kukilipia bei ya bango.

PosteRazor ni ya bure, na ni nyepesi kiasi kwamba hata kompyuta kuukuu inaiweza. Ipo ya Windows, Mac na Linux. Ukishaipakua huna haja ya bando tena. Inakupitisha hatua tano: unachagua picha, unaitajia karatasi yako, unaamua kingo zipandane kiasi gani, unataja ukubwa unaoutaka, kisha unahifadhi. Yenyewe haichapi, inakupa faili ya PDF yenye kurasa zote. Hilo nalipenda sana, maana umeme ukikatika nyumbani naweka faili kwenye flashi na kwenda stationeri yoyote yenye jenereta.

Uzuri wake hasa uko kwenye hatua ya ukubwa. Ukutani napima kwa sentimita, na programu hii inapokea sentimita. Chukua korongo wangu: nilimtaka awe na kimo cha sentimita 100 na upana wa 60. Karatasi ya A4 ina 21 kwa 29.7, lakini printa za kawaida haziwezi kuchapa hadi ukingoni, kwa hiyo naacha sentimita 1 nyeupe kila upande. Inabaki 19 kwa 27.7. Nikitaka kila karatasi ipande jirani yake kwa sentimita 1, karatasi ya kwanza inanipa 19 za upana na kila inayofuata inaongeza 18. Tatu zinafika 55 tu, basi upana wa 60 unadai karatasi nne, na kwa kimo nne tena. Jumla 16.

Sasa tazama: nikipunguza upana hadi 55, safu zinakuwa tatu, karatasi 12, na korongo anabaki na kimo cha sentimita 91 na kitu. Mtoto wa nasari hataona tofauti, lakini nimeokoa karatasi nne na wino wake. Nikiilaza karatasi badala ya kuisimamisha, korongo wa sentimita 100 anakula karatasi 18. Programu inakuonyesha mgawanyo huo kabla hujachapa chochote, kwa hiyo unacheza na namba mpaka uridhike.

Usiache kuweka mpandano. Karatasi zilizokatwa zikutane ukingo kwa ukingo huacha mwanya, na mguu wa korongo ni mwembamba. Ukiyumba milimita tatu unaonekana umevunjika. Mimi nakata ukingo mweupe wa kushoto na wa juu peke yake. Wa kulia na wa chini unabaki kushikilia gundi, karatasi inayofuata inalala juu yake na mistari inakutana. Namba naandika kwa penseli nyuma ya kila karatasi inapotoka kwenye printa.

Wakati wa kuchapa PDF, chagua ukubwa halisi, yaani asilimia 100. Ukiruhusu printa iipunguze ili itoshee karatasi, hesabu yote uliyofanya imepotea. Toa ukurasa mmoja kwanza, weka rula: eneo la picha liwe sentimita 19 kwa 27.7. Likiwa pungufu, simamisha kazi hapo hapo.

Baada ya hapo ni ufundi wa zamani. Kiolezo kinalazwa juu ya blanketi, mistari inatobolewa kwa pini, kinabandikwa ukutani, na vumbi la mkaa lililofungwa kwenye kitambaa linapigwapigwa juu yake. Ukikiondoa, nukta za korongo ziko ukutani. Karatasi hizo hizo zinatumika ukuta wa pili na wa tatu, na ukizigeuza ndege anatazama upande mwingine. Madamu mmoja alikuja akasimama nyuma yangu: "Fundi, mbona huyu kakunja mguu mmoja?" Nikamwambia, "Madamu, ndivyo alivyo kwenye bendera."

Adobe Reader nayo ina njia ya kuchapa bango kwa vipande, na kwa mchoro ambao tayari ni PDF inafaa: inaweka alama za kukatia na majina ya kurasa. Ila inakuuliza asilimia ya kukuza, si sentimita, na mimi nimechoka kugawanya ukuta kwa asilimia.

Kwa picha za kamera uwe na subira. Picha yenye nukta (pikseli) 2000 kwa kimo, ukiinyoosha mita moja, inabaki na nukta kama 50 kwa kila inchi. Ukiwa mlangoni inapendeza, ukisogea inachafuka. Hakuna programu ya kuongeza kilichokosekana kwenye picha. Michoro ya mistari haina shida hiyo kubwa, hasa ukiihifadhi ikiwa kubwa tangu mwanzo.

Tangu baraza la mawaziri likubali Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022, walimu nao wananiuliza habari za chati za ngeli. Mwalimu hahitaji fundi kwa hilo. Kwenye hatua ya ukubwa anaweza kutaja idadi ya kurasa badala ya sentimita: aombe mbili kwa mbili, achape karatasi nne, azigandishe kwenye kipande cha boksi.