Honda CB200 ya 1976 baada ya miaka mitatu: injini haina neno, pesa inaishia kwenye vitu vidogo

Jamaa zangu watatu wameniuliza kama wanunue pikipiki ya zamani ya kijapani ya silinda mbili, hizi ndogo za cc 125 mpaka 250, sasa badala ya kurudia maneno yale yale kila siku naandika hapa moja kwa moja ninavyoijua yangu. Mi naishi Reading huku Uingereza, nina CB200 ya 1976 niliyoinunua kwa pauni 650 ikiwa imelala kwenye banda la mtu miaka mingi, tairi zimepasuka, tangi linanuka petroli iliyooza, na nimeifufua mwenyewe kwenye gereji ya kupanga jioni baada ya kazi.

Kwa nini CB200 na siyo nyingine. Kwanza huku ziko, bado unazikuta. Enzi hizo mtu anayejifunza pikipiki Uingereza aliruhusiwa kuendesha mpaka cc 250, ndo maana hawa wadogo waliuzwa kwa wingi, vijana wanaendea kazini, mwanzoni mwa miaka ya 80 serikali ikabana ikawa 125 na soko lao likafa. Zikaingizwa mabandani. Pili ni silinda mbili za kweli, cc 198, gia tano, ina stata na kiki pia, Honda wanasema farasi 17 kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika, uzito kama kilo 130 na ushee. Mtu mmoja anaisukuma na kuigeuza gereji bila kuita msaada.

Na tatu, ile sauti. Waliozoea Boxer na TVS za nyumbani wanajua mlio wa silinda moja, tu-tu-tu. Hii pistoni zote mbili zinapanda pamoja na kushuka pamoja lakini zinapokezana kuwaka, ikiwaka ya kushoto huu mzunguko, ya kulia mzunguko unaofuata, kwa hiyo mlio unatoka umelingana kabisa, laini, kama cherehani kubwa. Siku ilipowaka mara ya kwanza nilimpigia baba Tanga kwa video. Yeye alikuwa bwana shamba, ameendesha Honda za serikali miaka na miaka kwenye vijiji vya Korogwe na Handeni. Nikamwambia shikamoo baba, sikiliza hii, akanyamaza kidogo afu akaniuliza "hizo ni mbili eeh? zinapokezana." Alijua kwa kusikia tu kwenye simu. Basi, pauni zangu zote zilirudi pale pale.

Sasa injini. Naisifu na sibanii. Nilifungua nikitegemea maafa nikakuta silinda safi, kemshafti safi, nikabadilisha ringi za pistoni, gasketi na oringi zote kwa sababu zilikuwa zimekauka kama plastiki, nikarudisha. Mpangilio wake ni rahisi mno na ukiuelewa unaacha kuogopa. Pointi (ile swichi ndogo inayokata umeme ili koili itoe cheche) ni seti moja tu kwa silinda zote mbili, koili moja inayotoa nyaya mbili, kila mzunguko inapiga cheche kwenye plagi zote mbili kwa pamoja, moja inachoma mafuta na nyingine inapotea bure kwenye moshi unaotoka. Faida yake kwa fundi: pikipiki ikianza kuendea silinda moja usianze kuchokonoa pointi, pointi ikiharibika zinakufa zote, angalia plagi iliyoloa au kabureta ya upande ule. Mi nilipoteza wikiendi mbili nzima kwenye pointi kabla sijakaa chini nikalifikiria hilo, na kosa lilikuwa kijeti kidogo (kile kitundu cha shaba kinachopitisha petroli) cha kabureta ya kulia kimeziba.

Kabureta zenyewe ni mbili, Keihin za milimita 20, na hapa ndo kuna kazi kuliko sehemu yoyote ya injini. Petroli ikikaa inageuka kama vanishi ya njano ndani ya vile vitundu. Toa jeti zote, loweka, pitisha hewa ya kompresa, usitumie waya wa chuma maana utapanua tundu. Na sikiliza hili: yale makiti, yaani vifurushi vya sipea, ya bei rahisi ya kabureta yanayouzwa mitandaoni, nilinunua moja duka ambalo silitaji, jeti zimeandikwa namba sawa na za asili lakini pikipiki ikawa inakohoa na plagi nyeusi ti. Nikarudisha jeti zake za zamani za shaba, nimezisafisha tu, ikatulia siku ile ile. Chukua oringi na gasketi za bakuli kwenye hicho kifurushi, shaba ya Honda usiitupe. Kulinganisha kabureta mbili sina mashine, naiacha kwenye sailensa, yaani inawaka bila kuvuta mafuta, nakinga viganja nyuma ya eksozi mbili, nasikiliza pumzi, nageuza skrubu kidogo kidogo mpaka zipumue sawa. Inachukua muda ila mkono unajifunza.

Petroli pia. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huku ni E10, ina ethanoli mpaka asilimia 10, na ethanoli inakula mpira wa zamani na kuvuta maji ndani ya tangi. Mi naweka ile ya bei ya juu, E5, yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, na kama italala zaidi ya wiki tatu namwaga mafuta ya kwenye bakuli za kabureta. Oili ni ya pikipiki yenye alama ya JASO MA (kiwango cha kijapani cha oili za pikipiki), kwa sababu klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, ukimimina oili ya gari ya kisasa klachi inaweza kuanza kuteleza. Vali napima injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.05, nusu saa umemaliza na chai haijapoa.

Breki ya mbele ndo kitu ambacho siwezi kuitetea, na nimejaribu. Ina diski, ukiiona kwa mbali unasema safi, kumbe haiendeshwi na mafuta ya breki, inavutwa na kebo kama breki ya baiskeli! Honda walifanya hivyo nadhani kupunguza gharama. Pedi zikiisha kidogo kidogo lazima urekebishe kwa mkono, na ule mkono unaozunguka kwenye kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) usipopakwa grisi unakamata, unabana lever kwa nguvu zako zote na pikipiki inaendelea na safari. Mvua ikinyesha ndo usiseme, diski za chuma za enzi zile zikiloa zinachelewa kushika sekunde nzima. Nilifungua kalipa yote nikasafisha, grisi mpya, kebo mpya, pedi mpya, sasa inashika vizuri kwenye kavu ila bado naacha nafasi kubwa mbele yangu kuliko nikiwa na pikipiki nyingine yoyote. Breki ya nyuma ni ya drum, nzuri, sina la kusema.

Haya, pesa. Watu wanaogopa injini, mi nasema ogopa bati, krom na plastiki. Injini yote na kabureta sikufika pauni 300. Eksozi mbili zilikuwa zimeoza kwa ndani, vile vifuniko vya pembeni chini ya kiti kimoja hakikuwepo, kiti kimechanika, indiketa moja imevunjika, na hapo ndo pauni 700 zilipokwenda, kifuniko kimoja cha plastiki nilikitafuta miezi minne. Sipea za injini David Silver Spares wa Suffolk wana vitu vingi vya Honda za zamani, mzigo unakuja umefungwa vizuri na namba ya sipea imeandikwa, nimeagiza kwao mara nyingi. Lakini vitu vya rangi na maumbo, vile vinavyoifanya ionekane CB200, unategemea bahati na watu. Ukipata nafasi nenda maonyesho ya pikipiki za zamani ya Stafford mwezi wa nne, zunguka kwenye meza za wazee wanaouza vyuma chakavu, nilipata indiketa yangu pale kwa pauni 8 na mzee aliyeniuzia akanieleza nusu saa nzima namna ya kuzikunjua nyaya za ndani.

Tangi lina ule mkanda mweusi wa kama ngozi uliopita katikati kuanzia mbele hadi kwenye kiti. Wengi hawaupendi, mi naupenda sana, ndo sura yake. Ila chini yake maji yanajificha. Wangu nilipoubandua nikakuta kutu imeshatoboa matundu mawili kama ncha ya kalamu.

Kitu kingine kitakachokuokoa: bisibisi. Skrubu zote za vifuniko vya injini ni za kiwango cha kijapani, kinaitwa JIS, zinafanana na za msalaba wa kawaida lakini mfereji wake ni tofauti kidogo, ukiweka bisibisi ya kawaida inapanda juu na kula kichwa. Karibu kila pikipiki ya umri huu utaikuta na vichwa vilivyoliwa na siyo kwamba skrubu ni mbovu, ni bisibisi. Nilinunua seti ya JIS na ile bisibisi ya kugonga na nyundo, jumla kama pauni 35, tangu hapo sijaharibu hata moja.

Kuendesha? Kilomita 80 mpaka 90 kwa saa inaenda siku nzima na furaha, inapenda kuzungushwa, chini ya mizunguko 4,000 inasinzia, juu ya 6,000 inaamka. Barabara za vijijini za Berkshire jumapili asubuhi sina ninachotaka zaidi ya hiki. Motorway usiipeleke, malori yatakutisha bure. Mafuta napata karibu kilomita 25 kwa lita. Kodi ya barabara silipi kwa sababu imezidi miaka 40, na ukaguzi wa kila mwaka sheria hainilazimishi, ila mi naipeleka tu, nataka jicho la pili kwenye zile breki.

Kwa hiyo ndugu zangu, nunueni, nawaambia kwa moyo wote, lakini tafuta iliyo kamili hata kama injini haiwaki, kuliko inayowaka halafu haina vifuniko na eksozi. Ukienda kuiangalia shika kiki kwa mkono uone injini inazunguka, fungua kifuniko cha tangi umulike na tochi, inua mkanda mweusi kwa kidole pembeni, hesabu vifuniko vya plastiki, angalia vichwa vya skrubu vinakwambia fundi aliyepita alikuwa mtu wa aina gani, na karatasi za umiliki zilingane na namba ya fremu na ya injini. Ikiwa haina karatasi ondoka hata kama anakupa kwa pauni 200.