TAHADHARI: Semina ya "kuamsha ubongo wa kati" ni danganya toto, nimeshalipa laki nne na nusu

Wazazi wenzangu, hasa mlio Dar na wenye watoto wa shule ya msingi. Kuna watu wanakodi kumbi Jumamosi na Jumapili, wanapokea watoto wa miaka 5 hadi 15 na kuahidi kwamba baada ya siku mbili mtoto atasoma akiwa amefungwa kitambaa machoni, atataja rangi ya kadi kwa kuipapasa au kuinusa, na darasani atakuwa hashikiki. Nimelipa 450,000 kwa mtoto mmoja. Msilipe.

Nilijiona mjanja. Mganga angeniambia nipeleke kuku mweusi ningemcheka. Hawa walikuja na projekta, mchoro wa ubongo wenye rangi nne na kijana aliyevaa koti jeupe kama daktari. Akapandishwa mtoto wa miaka kama kumi, akafungwa kitambaa, akasoma kichwa cha habari kwenye gazeti. Ukumbi mzima makofi. Tukaambiwa bei ni laki sita lakini ofa inaisha leo. Nikalipa kwa lipa namba hata kabla sijatoka mlangoni.

Siku za semina wazazi tulikaa nje. Ndani ni muziki, kulala chali na vifaa vya kusikilizia masikioni, kucheza, pipi. Jumapili jioni binti yangu wa miaka 9 akatoka na kitambaa chake, akashika noti ya elfu kumi na kuisoma namba tarakimu moja moja. Nililia. Nikawapigia shangazi zake wote usiku ule ule.

Tukapewa masharti ya nyumbani: mazoezi dakika 20 kila siku, kitambaa kiwe chao tu (kikipotea unanunua kingine 35,000), na asijaribiwe mbele ya mtu mwenye mashaka kwa sababu eti nishati inakatika. Sharti hilo la mwisho lingetosha kunifumbua macho. Halikunifumbua.

Aliyenifumbua ni mama yangu, alipokuja kututembelea kutoka Korogwe. Alikaa mkekani akamtazama mjukuu wake akisoma kadi, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mbona anainua kidevu kama kuku anayekunywa maji?" Akaichukua kadi akaibandika kwenye paji la uso la mtoto. "Haya mama, soma." Kimya. Akavua kanga ya mabegani, akaikunja, akamfunika kichwa kizima. Kimya tena, halafu kilio.

Usiku mtoto akaniambia ukweli. Tangu siku ya kwanza kulikuwa na upenyo mdogo chini, pembeni mwa pua. Mwalimu alikuwa amewaambia wasilazimishe, mwanga utakuja wenyewe, kwa hiyo alipoona mwanga pale chini akadhani ndio huo. Anayesema "naona" alipigiwa makofi na kupewa pipi. Anayesema "sioni" aliambiwa hajatulia. Alipokuja kugundua kwamba anachungulia tu, mimi nilikuwa nimeshatangaza kwa ukoo mzima. "Nilijua umelipa hela nyingi, mama."

Pesa inauma, lakini hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nimelipa watu wanifundishie mtoto kunidanganya, tena kwa kunionea huruma.

Baada ya hapo nikaanza kusoma, na nikakuta ujanja wenyewe ni wa zamani kuliko mimi. Chukua kitambaa ujaribu sasa hivi. Daraja la pua linakiinua, hivyo hata ukikaza namna gani kunabaki mwanya kila upande, na kwa mwanya huo unaona kilichoko chini usawa wa kifua. Wafanya mazingaombwe wanaujua miaka na miaka. Miaka ya 1960 huko Urusi ya Kisovyeti alivuma mwanamke aitwaye Rosa Kuleshova, aliyedaiwa kusoma kwa ncha za vidole, na wapo wanasayansi waliomwamini. Mwaka 1966 Martin Gardner, Mmarekani aliyekuwa mwandishi wa makala za hisabati na mjuzi wa viini macho pia, aliandika katika jarida la Science kwamba maelezo mepesi ni kuchungulia kupitia pembeni mwa pua. Kama mnataka kupima kweli, akasema, mvisheni mtu sanduku jepesi kichwani linalokalia mabega. Mama yangu hajamsikia Gardner maishani mwake. Alitumia kanga.

Sasa hiyo "sayansi" ya kwenye projekta. Walisema ubongo wa kati umelala kwa watu wengi. Ubongo wa kati ni sehemu halisi, ndiyo sehemu ya juu ya shina la ubongo, na haijalala kwa mtu yeyote mzima. Hushughulika na kugeuza macho, kubana mboni mwanga ukizidi, na ule mshtuko wa kugeuka unaposikia kishindo. Seli fulani za hapo zikifa, mtu hupata ugonjwa wa Parkinson, anatetemeka na mwili kukakamaa. Mtoto aliyeingia ukumbini akitembea na kutazama huku na huku alikuwa na ubongo wa kati ulio macho tangu kuzaliwa.

Walisema pia jeshi la Marekani lilithibitisha. Hapa wamechukua nusu ya habari ya kweli. Kuanzia 1972 mashirika ya kijasusi ya Marekani yaligharamia utafiti wa watu waliodai kuona vitu vya mbali kwa akili tu, kwanza katika taasisi ya utafiti ya Stanford, California, na mradi ulikuja kujulikana kwa jina Stargate. Zilitumika kama dola milioni 20. Nusu wasiyokuambia ni kwamba mwaka 1995 waliitwa watathmini wa nje, wakakuta taarifa hizo hazijawahi kuongoza operesheni hata moja ya kijasusi, na mradi ukafungwa. Mmoja wa watathmini, mtakwimu Jessica Utts, aliona namba za maabara zina kitu; mwenzake Ray Hyman akakataa. Sisemi kuuliza maswali hayo ni ujinga, watu wenye akili zao wameyauliza. Lakini hao walikuwa wakibishania tofauti ndogo juu ya kubahatisha, mambo ya kutafuta kwa takwimu. Mtu anayedai mtoto anasoma gazeti zima hahitaji takwimu. Anahitaji kitambaa kisicho na upenyo.

"Fizikia ya kwanta" waliitaja mara tatu, hakuna mahali ilipoeleza kitu.

Nilimuuliza yule wa koti jeupe kwa simu: kwa nini msianze na watoto wasioona pale shule ya Uhuru Mchanganyiko, si ndio wangefaidi kuliko wote? Akajibu kwamba kwa asiyeona kabisa haiwezekani, lazima macho yawe mazima. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Wakikualika kwenye onyesho, usibishane nao. Omba tu kadi ishikwe juu ya kichwa cha mtoto, au nyuma ya kisogo, au mtu mwingine amfunike mtoto uso kwa viganja. Ukiambiwa inavuruga nishati, shika mkono wa mwanao mwondoke. Na tafadhali msimkaripie mtoto aliyekwisha kupita huko. Wengi hawakuanza kwa uongo, walianza kwa kuamini walichoambiwa na watu wazima.

Nilipodai pesa yangu waliniambia imani ndogo ya mzazi imemfunga mtoto, na suluhisho ni hatua ya pili, 700,000. Nilipokataa wakanizuia kwenye simu. Nimekwenda polisi nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu kwenye kitabu chao. Waliniomba ujumbe wa muamala. Bahati nzuri sikuufuta, na jina lililotokea kwenye lipa namba ni la mtu binafsi tofauti kabisa na lile la kwenye bango. Kama nanyi mlilipa, tunzeni ujumbe huo pamoja na tangazo lenyewe.

Juzi nimeona bango lao jipya. Jina limebadilika, ukumbi ni wa Kigamboni, ofa inaisha Jumapili. Picha ya katikati ni binti yangu, kitambaa machoni, ameshika noti ya elfu kumi, kidevu juu. Nimeandika mara mbili kuwataka waiondoe.