AB si BA: programu ipi ya aljebra uchukue ukiwa Tanga

Kabla hujatoa hata shilingi, ipe programu mtihani mmoja: iandikie AB − BA. Ikijibu 0 moja kwa moja, hapo kuna jambo.

Mimi sikuufanya mtihani huo. Nilinunua Mathematica ya kuchakachua kwenye flashi kwa jamaa mmoja mjini, nikarudi Chumbageni na furaha zangu, nikaandika A B − B A. Ikajibu 0. Nikadhani nimekosea herufi. Kumbe kwa Mathematica nafasi tupu kati ya herufi mbili ni kuzidisha kwa kawaida, kusikojali nani katangulia. Kuzidisha kunakojali mpangilio huandikwa kwa nyota mbili, **. Kurasa zangu nne za matriksi (yale majedwali ya namba) zikaishia kufungia kashata.

Kwa asiyeizoea habari hii: Ngamiani, ukivuka barabara tano kwenda mbele kisha ukasogea tatu kushoto, au ukaanza na zile tatu, utafika pale pale. Lakini "tembea hatua kumi, geuka kushoto, tembea tena" si njia moja na "geuka kushoto, tembea hatua kumi, tembea tena". Matriksi zina tabia ya hii ya pili.

Namba moja naipa SymPy. Ni bure, inakaa ndani ya Python, lugha ya kuandikia programu, na inakula megabaiti chache tu za bando. Unatangaza mwanzoni kwamba A na B hazibadilishani nafasi, kisha ukifungua (A+B)² inakupa A**2 + A*B + B*A + B**2, haikuunganishii zile za katikati kuwa 2AB. Kwa mwanafunzi, yatosha. Udhaifu wake unauona siku unapokuwa na sharti, tuseme BA = AB + 1, ukataka hesabu nzima ilifuate. Hapo utabadilisha kwa mkono, hatua kwa hatua, mpaka uchoke.

Siku hiyo hamia Singular, na ningekuwa naandikia wazoefu peke yao ningeiweka juu. Imetoka Kaiserslautern, Ujerumani, nayo ni bure. Ndani yake mna sehemu mbili za kazi hii. Plural ni ya aljebra ambazo kila jozi ya herufi ina sharti lake la kupishana, kama lile la BA juu hapo. Letterplace ni ya aljebra huru, isiyo na sharti lolote mpaka uliweke mwenyewe. Zote mbili zinakokotoa besi za Gröbner, yaani ile orodha ya kanuni za kurahisishia kila kitu. Sasa shika hili: kwenye aljebra huru orodha hiyo yaweza kuwa haina mwisho. Kompyuta itaunguruma usiku kucha, nawe unailaumu laptopu bure. Ndiyo maana Letterplace inakutaka useme mapema ukomo wa digrii, yaani herufi ngapi kwa wingi zizidishane pamoja. Anza na 5, ukiona haitoshi panda.

SageMath imezibeba Singular na GAP (programu nyingine ya aljebra) kwa pamoja, lakini ni gigabaiti kadhaa, na kwenye Windows lazima upitie WSL, ile Linux inayokaa ndani ya Windows. Usiishushe kwa bando la siku. Fungua SageMathCell kwenye kivinjari, hata cha simu, uchague Singular, ujaribu bila kusakinisha kitu.

Mathematica halali naiweka ya tatu, na ni kwa wahandisi wa mifumo ya udhibiti tu. Wao wanaihitaji kwa ajili ya NCAlgebra, nyongeza ya bure kutoka Chuo Kikuu cha California, San Diego, inayozijua hizo nyota mbili vizuri. Nyongeza ni bure, leseni ya Mathematica yenyewe siyo. Ila kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kibao kimoja, Mathematica inaruhusiwa bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Laiti ningelijua hilo kabla ya ile flashi!

Magma, programu ya Chuo Kikuu cha Sydney, ina nguvu kweli, lakini ni ya kulipia. Chuo kikikulipia, chukua. Usilipe wewe; kikokotoo chao cha mtandaoni kitakufanyia hesabu fupi bure.

Pesa uliyoitenga nunulia RAM. Laptopu ya 4 GB inafungua Singular bila shida, ila besi ikianza kuvimba ndipo inapoganda. Nenda na laptopu yako kwa fundi, aifungue mbele yako uone nafasi za kuchomeka RAM zipo ngapi, ndipo mpatane bei.