Lenzi za Pocket ya 2013: nilizonunua, niliyouza, na hii 50 iliyoniaibisha Tanga

Kamera yenyewe naiingiza kwenye pochi ya kwendea harusini. Nazungumzia Blackmagic Pocket Cinema Camera ya kwanza kabisa, ile ya 2013 yenye gramu 355, si ile ya 4K iliyokuja 2018 wala ya 6K ya mwaka uliofuata. Nasema hivyo mapema kwa sababu jina ni moja na ushauri wa lenzi unatofautiana kabisa. Ukisikia mtu anakwambia "kwenye Pocket weka hii", muulize kwanza Pocket ipi.

Mimi niliinunua ikiwa imetumika, kutoka kwa kaka mmoja wa Dar aliyekuwa anahamia kamera kubwa. Picha yake naipenda mpaka leo: ngozi zetu inazitendea haki, na ukiwa na bi harusi mwenye shela jeupe kando ya dirisha, shela halilipuki kuwa karatasi. Betri ni janga, haifiki saa moja, lakini hilo unalimaliza kwa kubeba betri nyingi. Lenzi ndizo zilizonitoa jasho.

Sensa ya kamera hii, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ina upana wa milimita 12.48 na kimo cha 7.02. Ukucha wa kidole gumba changu unaifunika. Ni ukubwa wa fremu ya filamu ya zamani ya Super 16, wakati kamera za fremu kamili zina upana wa milimita 36. Gawa 36 kwa 12.48 upate 2.88, yaani lenzi yoyote hapa inabana mwonekano mara hizo kuliko kwenye fremu kamili. Namba hiyo niliiona siku ya kwanza, nikasema nimeielewa. Kumbe niliisoma tu.

Nikaenda dukani. Muuzaji akanitolea Nikon ya zamani ya milimita 50, f/1.8 (hiyo f ni uwazi wa tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo mwanga unaingia zaidi), safi haina hata mkwaruzo, pamoja na adapta ya chuma isiyo na kioo ya kuifungia kwenye kamera yangu. "Dada, hii 50 ndiyo jicho la binadamu," akaniambia. Kwenye kamera yake ya fremu kamili sawa. Kwenye yangu, zidisha kwa 2.88: ni kama umeshika lenzi ya 144. Jicho la mwewe hilo, si la binadamu.

Nililijua hilo Tanga, Ngamiani, ndani ya chumba ambacho bi harusi alikuwa anapambwa. Chumba chenye kitanda, kabati, masomo wawili, shangazi, dada wa piko na mimi. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani, umbali wa kama mita tatu kutoka kwake. Sasa piga hesabu: kwa milimita 50, katika mita tatu, kamera hii inaona upana wa sentimita 75 tu na kimo cha kama 42. Uso na shingo, basi. Mikono iliyokuwa inachorwa hina haimo. Shangazi anayemwaga machozi mlangoni hayumo. Siku nilipopeleka kazi, mama yake aliangalia akiwa kimya, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, umempiga bi harusi au umempiga pua yake?" Nikamwambia mama nisamehe. Nikampunguzia hela.

Kwa hiyo kama una Pocket hii na hela ya lenzi moja, tafuta pana kwanza. Milimita 12 katika mita tatu zile zile inaona upana wa mita tatu na kidogo, yaani chumba chote cha Ngamiani na shangazi ndani. Ukiifananisha na fremu kamili ni kama 35. Usiogope kusikia "12" ukadhani watu watavimba vichwa, haitokei.

Yangu ya kazi sasa ni Panasonic 12-35 f/2.8. Niliipata iliyotumika kwa laki tisa na sijutii hata shilingi. Inakaa moja kwa moja kwenye mdomo wa kamera bila adapta, ina gramu 305, na kwa hesabu ya 2.88 inakupa kama 35 hadi 100. Harusi nzima inaingia humo, kuanzia ukumbi mpaka pete. La muhimu zaidi kwangu ni kituliza mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi, maana kamera yenyewe haina. Bila hicho, ukishika mkononi kwa 35 mistari ya milango inayumba kama uko kwenye boti ya Pemba.

Ila nina kesi nayo. Pete yake ya fokasi, ile ya kutafutia ukali wa picha, haijashikana na vioo. Ukiizungusha inatuma amri kwa mota iliyo ndani, na mota ndiyo inayosogeza kioo. Haina mwanzo wala mwisho, unazungusha mpaka kesho. Ukizungusha haraka fokasi inahama sana, ukizungusha taratibu inahama kidogo, kwa mzunguko ule ule. Huwezi kuweka alama ya pale bi harusi atakaposimama ukairudia kwa kuhisi vidole. Kwa harusi nimezoea. Kwa filamu fupi, ambapo mtu anatembea kutoka mlangoni mpaka mezani na lazima abaki mkali njia nzima, ninaiweka pembeni. Olympus 12 f/2 wamelitatua hili vizuri: unavuta pete nyuma, inakuwa na mwanzo na mwisho na namba za umbali. Niliiazima wiki moja nikairudisha kwa huzuni.

Panasonic 7-14 f/4 nilikuwa nayo miezi mitatu nikaiuza. Pana kweli kweli, lakini kioo cha mbele kimetuna kama jicho la kinyonga na hakuna pa kufungia filta. Kamera hii inapenda ISO 800, yaani sensa ikiwa nyepesi kuhisi mwanga. Nje, saa sita ya Dar, bila filta ya ND, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga, utabana tundu la lenzi mpaka picha ilainike, au uongeze kasi ya shata mpaka watu watembee kama vibonzo.

Na hapo hapo kwenye filta kuna mtego mwingine. Nilinunua ND ya bei chee, giza nzito, nikashuti bwana harusi na wapambe wake ufukweni. Suti zilikuwa nyeusi tii. Nyumbani kwenye kompyuta zikatoka damu ya mzee. Nikadhani nimeharibu rangi mimi mwenyewe. Kumbe sensa hii inaona mwanga wa infraredi, na ND ya kawaida inazuia mwanga tunaouona na kuuachia ule mwingine upite. Nguo nyeusi za kisasa zinaurudisha huo, ndiyo unapata wekundu. Nunua ND iliyoandikwa kwamba inakata na infraredi, hata kama itabidi usubiri mwezi mzima upate hela. Bei yake inauma lakini suti za watu zinauma zaidi.

Turudi kwenye ile 50 ya Tanga, maana sikuiuza. Nilikuja kupata Speed Booster ya Metabones ya 0.58, iliyotengenezwa kwa ajili ya Pocket hii na lenzi za Nikon. Hii si adapta ya bomba tupu, ina vioo ndani vinavyoikusanya picha ya lenzi kubwa na kuifinya iingie kwenye sensa ndogo. 50 inakuwa 29, ambayo kwa hesabu yetu ni kama 84: lenzi ya sura, tulivu, nyuma inayeyuka vizuri. Na kwa kuwa mwanga ule ule umekusanywa mahali padogo, unapata mwanga karibu mara tatu. F/1.8 inakuwa kama f/1. Kwenye ukumbi wenye taa za rangi na MC anayezima taa kubwa bila kukwambia, hiyo ni tofauti ya kulipwa na kutolipwa. Nikaiongezea 28 f/2.8 ya zamani, inayogeuka kuwa kama 47. Zote mbili zina pete za chuma zenye mwanzo na mwisho. Tahadhari moja: kioo cha adapta hii kinazama ndani sana kwenye mdomo wa kamera. Usijaribu kuipachika kwenye kamera nyingine ya Panasonic au Olympus eti kwa sababu mdomo unafanana, utavunja kitu.

Halafu kuna ugonjwa wangu: vilenzi vya kuzungusha kwa nyuzi, vinavyoitwa C-mount, vilivyotumika kwenye kamera za filamu za milimita 16 na kwenye kamera za ulinzi. Kariakoo unaweza kuvikuta kwenye maduka ya vifaa vya ulinzi vikiwa na vumbi. Mwenye duka anakushangaa. Usinunue kwa kuangalia milimita peke yake. Uliza ni cha sensa ya ukubwa gani. Cha theluthi mbili ya inchi kinatoa duara la picha la milimita 11, na sensa yetu kutoka kona hadi kona ni zaidi ya 14, kwa hiyo utapata picha ya duara yenye weusi pembeni, kama unachungulia bombani. Cha inchi moja kinatoa 16, kinafunika. Vile vya Bolex, kamera za filamu za zamani, navyo vilitengenezwa kwa fremu ya 16 ya kawaida, ndogo kidogo kuliko hii, kwa hiyo vilivyo pana vinaleta giza kwenye kona. Vya 25 kwenda juu havina shida sana.

Mimi nilipata cha 25, cha inchi moja, kwa elfu arobaini. Kingo za picha yake zinazunguka na kulainika, katikati ni kali. Nilipokikaza kwenye adapta, namba zake zote ziliishia chini, zinaangalia miguu yangu. Nikachukua rangi ya kucha ya dada wa piko, nyekundu, nikaweka nukta upande wa juu: moja ya mita moja, moja ya mbili, moja ya tano.