Makumbusho ya Kisumu kwa mwandishi wa riwaya za kihistoria na mashairi ya kutisha

Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1980 kando ya barabara ya Nairobi, na wageni wengi huyajua kwa nyoka na mamba. Kwa anayeandika riwaya ya kihistoria au mashairi ya kutisha, thamani yake iko kwingine. Ni mojawapo ya mahali pachache Nyanza ambapo unaweza kuingia ndani ya mandhari ya hadithi yako na kuipima kwa miguu. Upungufu wake mkubwa ni mmoja: yanakupa vitu, hayakupi mwaka. Asiyelijua hilo atatoka na daftari lililojaa, kisha aandike riwaya yenye makosa.

Anzia nje, kwenye Ber-gi-dala, kabla ya jumba la maonyesho. Ni boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi kwa ufadhili wa UNESCO. Mwenyewe ni mtu wa kubuni mwenye wake watatu. Kila mke ana nyumba yake, mwana wa kwanza ana yake, na kuna zizi na maghala ya nafaka. Simama langoni kwanza. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hutazamana na lango. Ya nyachira, mke wa pili, huwa upande mmoja wa mikayi, na ya reru, mke wa tatu, upande wa pili. Simba, yaani nyumba ya mwana, huwa karibu na lango. Hesabu hatua kutoka langoni hadi kila mlango, halafu geuka na utazame kutoka kila mlango. Nani anamwona mgeni wa kwanza? Nani hawezi kumwona hadi afike uani? Sauti ya kawaida kutoka nyumba ya reru inafika simba, au ni lazima mtu apaze? Majibu ya maswali haya ndiyo yanayobeba sura ya usaliti, ya utoro au ya uvamizi. Riwaya nyingi za huku humfanya mhusika anyemelee nyumba ya mke mdogo kana kwamba boma ni uwanja wazi. Kumbe limepangwa ili kila nyendo ionekane.

Inama pia uingie ndani. Ukiingia kutoka jua la saa sita, macho huchukua muda kuzoea giza, na muda huo una faida kwa mwandishi: mhusika wako naye hakuona kilichokaa pembeni papo hapo. Angalia ukuta wa fito uliokandikwa udongo, angalia nyasi za paa zinavyoshuka chini hadi kumlazimisha mtu ainame.

Mshairi wa kutisha asikimbilie kwenye vizimba vya nyoka. Hofu iliyo nzito zaidi iko kwenye sheria za boma hili. Juu ya paa la nyumba huchomoza osuri, ncha ya mti inayoonyesha kwamba mwenye nyumba yupo, akifa, huondolewa. Mwanamume huzikwa upande wa kuume wa nyumba, mwanamke upande wa kushoto. Binti aliyekufa bila kuolewa hazikwi ndani ya ua. Mjane ambaye hajatimiziwa mila haingii ovyo nyumba za watu. Mtu akianzisha boma jipya huenda na jogoo, mwanawe wa kwanza na shoka, mke na moto, na nyumba ya kwanza sharti imalizike siku hiyohiyo. Kila sharti la namna hii ni shairi linalosubiri mtu alivunje. Vipi jua likizama na paa bado halijaezekwa? Vipi binti aliyezikwa nje ya ua akijua bado njia ya kurudi?

Kitu kimoja cha pale kinatosha ubeti mzima, na arudhi ya kale inakibeba vizuri. Tazama mizani nane kwa nane, kina cha ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na cha utao, nusu ya pili:

Osuri imeondoka, paani pametulia,
Mlango umefunguka, hakuna aliyengia.

Hapa hakuna damu wala pepo, na msomaji wa Nyanza ameshaelewa. Washairi wanaoanza huharibu kwenye kibwagizo. Mshororo wa kutisha ukirudiwa vilevile ubeti baada ya ubeti, kufikia wa nne hautishi tena. Weka kibwagizo cha maneno ya kawaida kabisa, mathalani mtu anayebisha hodi, kisha ubadilishe anayebisha kwa mishororo mitatu inayotangulia. Maneno yabaki, maana izidi kuoza.

Sasa suala la mwaka. Kwa kuwa mwenye Ber-gi-dala ni wa kubuni, boma lake halina tarehe, na ni rahisi kulichukua lote ukalitia katika karne yoyote. Kabla ya kwenda, andika ukurasa mmoja wa miaka na uende nao. Meli William Mackinnon ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900. Reli ilifika Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence. Hadi 1902 eneo hili lilihesabiwa upande wa Uganda, kwa hiyo barua ya ofisa ya mwaka 1901 haiwezi kutaja Himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza kama mwenye mji. Jina la Koloni la Kenya ni la 1920. Fedha nazo huumbua: mhusika wa 1912 analipa kodi ya nyumba kwa rupia; florini ilikuja 1920 na kudumu kidogo tu, na shilingi ikashika nafasi yake kuanzia 1921. Kila kitu unachokiona makumbusho, kipitishe kwenye ukurasa huo. Kisichopita, muulize mwelekezi, au ukakithibitishe kwenye ripoti za mwaka za maofisa wa wilaya zilizo Nyaraka za Taifa, Nairobi.

Chumba cha samaki hupuuzwa na waandishi, na ni kosa, kwa sababu ziwa ndilo linalowasaliti wengi. Mbuta aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Bibi anayekaanga mbuta mwaka 1925 ameharibu sura nzima. Mpe ngege au kamongo. Gugumaji nalo lilianza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, hivyo maiti inayofichwa chini ya gugumaji wakati wa Vita vya Kwanza haiwezekani.

Kwenye nyoka, nenda na swali moja tu: sumu inafanya nini mwilini? Koboko si mweusi kwa nje, ni wa kijivu au rangi ya mzeituni. Weusi uko ndani ya kinywa. Sumu yake hupiga neva: kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito, pumzi inakatika. Kifutu ndiye anayeleta uvimbe, malengelenge na nyama kufa. Shairi linalomvimbisha mtu aliyeumwa na koboko hadi ngozi ipasuke limechanganya nyoka wawili.

Mapungufu mengine yapo. Boma kamili ni la Wajaluo pekee. Vyombo na mavazi ya jamii jirani vimo katika jumba la maonyesho, lakini huwezi kuingia nyumba ya Mluhya au ya Mkisii ukapima hatua. Anayeandika kuhusu upinzani wa Wanandi na kuuawa kwa kiongozi wao Koitalel arap Samoei Oktoba 1905 aende makumbusho yake kule Nandi Hills. Wanaoandika kuhusu Nakuru wana Hyrax Hill, alikochimba mwanaakiolojia Mary Leakey kuanzia 1937, ila pale ni mambo ya kale sana. Kwa riwaya ya karne ya 19, ukingo wa kreta ya Menengai na masimulizi ya vita vya Wamaasai vitakufaa zaidi.

Nenda asubuhi siku ya kazi. Mwishoni mwa wiki, na wakati wa ziara za shule, huwezi kusikiliza ukimya wa boma wala kupata mwelekezi wa peke yako. Malipo hupitia eCitizen, jukwaa la serikali la mtandaoni, kwa hiyo simu iwe na chaji na salio. Beba utepe wa kupimia, daftari na penseli. Picha unayotaka kuichapisha kwenye jalada la kitabu, iombee ruhusa ofisini kabla ya kuipiga. Ukiwa na nafasi ya ziara mbili, ya kwanza ifanye kabla ya kuandika, ya pili ukiwa na rasimu mkononi: simama langoni, soma sura ya boma kwa sauti, na uutembee kila mwendo wa mhusika kama ulivyouandika.