Nilipeleka kikombe cheupe tanurini, kikarudi na shavu la waridi

Naandika hasira ikiwa haijashuka, mnivumilie.

Kwa miezi kadhaa nahangaika na bluu ya kobalti, madini ya kutilia rangi vyombo vya udongo. Anayeijua atanielewa: nusu gramu tu kwenye gramu 100 za glezi (ule mpako unaogeuka kioo chombo kikichomwa), bluu imeshakolea. Nikapima vikombe vitano, kila kimoja na kiasi chake, cha sita nikakiacha na glezi tupu, nyeupe, ile yenye oksidi ya bati. Hicho ndicho kipimo changu. Kikiharibika hicho, vingine vyote nalinganisha na nini?

Sina tanuri, nalipia kuchomewa. Siku ya kuchukua mzigo, bluu zote safi, kobalti haina makuu. Cheupe sasa! Upande mmoja mweupe, wa pili umeiva waridi kama shavu lililopigwa kofi.

Nikamuuliza kijana wa zamu kulikoni. Kunitazama hakunitazama. "Dada, glezi umechanganya mwenyewe, usilisingizie tanuri." Mbele ya watu!

Nikainua macho rafuni, nikaliona: jitungi la mteja mwingine, kijani kizito kisichopitisha mwanga. Shaba haitoi kijani kile. Ile ni kromu, na kromu ikipata moto mkali hutoa mvuke. Mvuke ukitua kwenye glezi ya bati iliyo jirani, waridi hiyo. Mapokezi wanakuuliza joto na kimo cha chombo basi, kilichomo kwenye glezi hawana habari nacho. Nilipomwonyesha akajibu, "Kwani vimegusana?" Nikaishiwa nguvu.

Nyota moja. Na hiyo ni ya moto wenyewe, maana vyombo vimeiva sawasawa na hakuna glezi iliyochuruzika ikagandia rafu.

Ila niseme kweli. Kile kikombe nimekiweka dirishani, na kila nikipita nakigeuza. Waridi yake haina mstari inapoanzia, inapanda taratibu kama haya inavyopanda usoni. Kwa brashi nisingeiweza. Bluu zangu za mizani, nilizozikosea usingizi, zimekaa nyuma yake hata sizitazami. Haya, nyota tatu. Hapana, mbili, ile "dada" yake bado inanichoma.

Juzi nimerudi na vikombe vinne vyeupe, nikamwomba yule yule avipange karibu na chochote cha kijani. Akaniambia hapo hawachagulii vyombo majirani.